Rangi inabanduka kwenye nyumba ya zamani Jinja: kabla hujanunua ndoo hata moja, soma hapa

Dada mmoja wa Jinja ameniandikia, swali lake nalifupisha hivi: "Fundi, marehemu mzee ametuachia nyumba ya zamani, mbele duka, nyuma vyumba na ua, na juu pale mbele kumechongwa jina la Muhindi aliyejenga na mwaka 1934. Mzee aliinunua kwa wenyewe miaka ya 1990. Tumepaka rangi mara tatu ndani ya miaka mitano na kila mara inavimba inabanduka, kuanzia chini mpaka usawa wa kiuno. Kaka zangu wanasema tukwangue yote tupige plasta ya simenti, tupake ile rangi ya kung'aa ya kuoshwa, na madirisha ya mbao yatoke tuweke alminiamu. Mimi naona tukifanya hivo nyumba ya mzee itakuwa imekwisha. Nipake rangi gani idumu, na nyumba ibaki na sura yake?"

Dada yangu, poleni sana na msiba. Na ahsante kwa kuuliza kabla nyundo haijaanza kugonga, manake wengi wananipigia wakati plasta ya zamani ishabebwa na tipa na hapo hakuna cha kusaidia tena.

Jibu la haraka: usinunue rangi sasa hivi. Rangi yenu haina shida. Ukuta una maji ndani, na maji yanatafuta mahali pa kutokea, mkipaka rangi ya plastiki mnamfungia mlango, yeye anasukuma mpaka rangi inavimba kama malengelenge alafu inaanguka. Mara tatu mmepaka, mara tatu maji yameshinda. Hata mpake ya bei ghali kiasi gani yatashinda ya nne.

Sasa ngoja nieleze hii nyumba imejengwaje, manake ukielewa hapo hata kaka zako utaweza kuwaeleza bila ugomvi. Mwaka 1934 kiwanda cha simenti cha Tororo kilikuwa bado, kile kimekuja miaka ya 1950. Simenti ilikuwa inatoka ng'ambo, meli mpaka Mombasa alafu reli mpaka huku, kwa hiyo haikuwa kitu cha kumwaga ovyo. Nyumba nyingi za Main Street na mitaa ya pembeni ambazo nimewahi kufungua kuta zake, ndani unakuta tofali za kuchoma, katikati ya tofali udongo wa chokaa na mchanga, na juu plasta ya chokaa. Chokaa ina vitundu vidogo vidogo. Mvua ikipiga, ukuta unalowa kidogo, jua likitoka unakauka. Unyevu wa ardhini ukipanda nao unatoka taratibu. Hiyo kazi ukuta wenu umefanya kama miaka 90 bila kulalamika. Simenti haifanyi hivo, simenti ni ngumu na imebana, maji yakishaingia nyuma yake kwa ufa mdogo tu hayana pa kutokea, yanabaki yanakula tofali, yanapanda juu zaidi, na siku plasta inaanguka inaanguka na uso wa tofali pamoja. Tofali za zamani ni laini kuliko simenti, wakivutana ni tofali inayovunjika.

Hii sijaisoma tu mahali. Miaka ya nyuma niliitwa kwenye banglo moja Entebbe, nyumba nzuri sana, veranda imezunguka pande tatu. Mkandarasi aliyetangulia, jina lake silitaji, alikuwa amepiga simenti nje nyumba nzima na chini akapaka lami nyeusi ili "kuzuia maji". Baada ya misimu ya mvua kadhaa unyevu ulikuwa umepita juu ya ile lami mpaka kwenye madirisha, fremu za chini zimeoza, na tulipobandua simenti tofali zilikuwa zinatoka unga mkononi. Tulilazimika kubadilisha tofali moja moja upande mzima wa ziwa. Mama mwenye nyumba alikaa kwenye kiti akaangalia siku nzima, hakusema kitu. Mpaka leo nikiona mtu anapaka lami chini ya ukuta wa zamani nasimama kumuongelesha hata kama simjui.

Kwa hiyo tafuta maji kwanza. Mvua ikinyesha kubwa toka nje na mwavuli uzunguke nyumba, ni kazi ya nusu saa na itakufundisha kuliko mimi. Angalia gata, ule mfereji wa maji ya paa. Kama gata imetoboka au hakuna kabisa, maji ya paa yanapiga chini yanaruka na udongo mwekundu mpaka juu ya ukuta, na hapo hapo ndipo rangi inabanduka. Alafu angalia usawa wa ardhi nje ukilinganisha na sakafu ya ndani. Siku hizi kila mtu anataka peva, zile tofali za kutandika uwanjani, na peva zikiwekwa bila kuchimba kwanza zinapandisha uwanja, unakuta ardhi ya nje imefikia au imepita sakafu, na ule mstari wa kuzuia unyevu ambao mjenzi aliuweka chini ya ukuta umezikwa. Hapo maji yanaingia yanavotaka. Peva pia hazinywi maji, zinayapeleka ukutani. Kama mmeweka, toeni mstari wa sentimita 30 au 40 kando ya ukuta wote, chimbeni chini mpaka usawa wa zamani uonekane, jazeni kokoto, na muelekeze mteremko uende mbali na nyumba. Mara nyingi hiyo peke yake inamaliza nusu ya tatizo. Angalia na bomba za uani, bafu iliyoongezwa nyuma, tangi linalovuja pole pole. Unyevu unaopanda kutoka chini kwa kawaida unaishia kama mita moja, kwa hiyo hicho kiuno chako kinaniambia kitu, lakini bomba linalovuja linaweza kukudanganya.

Kama huna uhakika maji yanatoka ndani ya ukuta au ni hewa ya chumbani, kata kipande cha kavera safi, yaani plastiki, kibandike na selotepu pande zote nne, acha siku mbili. Matone yakiwa nyuma ya kavera yametoka ukutani. Yakiwa mbele, chumba hakipiti hewa. Na hapo naomba uangalie juu ya madirisha na juu karibu na dari: hizo nyumba zina matundu ya hewa, mengine yana wavu wa simenti wa maua mazuri kabisa. Watu wanayaziba kwa sababu ya mbu, wengine kwa magazeti, wengine wanapiga plasta kabisa, alafu wanashangaa ukungu mweusi unatoka wapi. Yafungue, weka wavu wa mbu kwa ndani. Dari iko juu vile na matundu yako pale kwa sababu aliyejenga alijua joto la Jinja na unyevu wa ziwa.

Ukishazuia maji, subiri. Hapa ndipo watu wananichukia. Mafundi wa zamani wana hesabu ya kwamba ukuta uliolowa unakauka kama inchi moja kwa mwezi, na ukuta wenu pengine ni inchi tisa, basi hesabu mwenyewe. Si lazima usubiri yote ndiyo uanze, lakini ukipaka wiki ijayo utaniandikia tena. Wakati unasubiri kwangua rangi yote iliyokufa pale chini ili ukuta upumue, na ukiona unga mweupe kama chumvi unatokea usiuoshe kwa maji, ni chumvi kweli, maji yanairudisha ndani. Ifagie kwa brashi kavu, ikitokea tena ifagie tena.

Plasta iliyokufa, gonga kwa vidole. Ikilia kama debe imeachana na ukuta, hiyo itoke. Ikilia nzito iache, hata kama ina mikwaruzo na mawimbi iache, tafadhali, hayo mawimbi ndiyo mkono wa fundi wa 1934. Alafu kwangua kwa msumari: chokaa ni laini, inatoka unga mweupe au rangi ya maziwa, simenti ni ya kijivu na msumari unateleza. Palipo na chokaa zibeni kwa chokaa, sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga uliooshwa, tabaka nyembamba, kila moja isizidi sentimita moja na nusu, na ukuta uloweshwe kwanza. Tofali kavu inanyonya maji yote ya plasta na plasta inapasuka. Chokaa ya mfuko inapatikana, upande wa Tororo inachomwa, ila muulize muuzaji ni ya kujengea au ni ya shambani, na hiyo ya mfuko iloweke kwenye pipa angalau usiku na mchana iwe laini kama uji mzito ndiyo utumie. Kama utapata ile ya mawe ambayo haijazimwa kwa maji, mwachie anayeijua, ikikutana na maji inachemka kweli kweli na ikiruka jichoni mtu anapofuka. Miwani na glavu hata kwa hiyo ya mfuko.

Kaka zako watasema chokaa ni kitu cha zamani, cha watu maskini. Waambie waende Zanzibar waone Mji Mkongwe, au Lamu, ile yote ni chokaa na UNESCO imeiandika kwenye urithi wa dunia, Mji Mkongwe 2000 na Lamu 2001. Na kuna shida imeonekana kule pwani pia, nyumba za mawe na chokaa zikipigwa simenti zinaharibika vile vile.

Rangi sasa. Juu ya plasta ya chokaa kitu kizuri kuliko vyote ni chokaa yenyewe, ile ya kupaka. Unachukua uji wa chokaa unauchuja, unaongeza maji mpaka unakuwa kama maziwa, maziwa sio mtindi, hapo wengi wanakosea wanapaka nzito kwa sababu ya haraka na inapukutika kama unga. Lowesha ukuta kidogo, paka nyembamba kwa brashi pana, usitumie rola. Ikiwa mbichi utaona kama hujapaka kitu, ukuta unaonekana tu ndani yake, usiogope, inavyokauka inakuwa nyeupe. Siku moja katikati, alafu tena, mara nne au tano. Usipake jua la saa saba, paka asubuhi au jioni upande wenye kivuli. Chokaa inavuta kaboni dayoksaidi kutoka kwenye hewa na kurudi kuwa jiwe, yaani jiwe lilichomwa tanurini likawa unga na sasa linarudi kuwa jiwe juu ya ukuta wako, ndiyo maana haibanduki kwa vipande kama plastiki, inachakaa taratibu na baada ya miaka unaongeza tabaka moja tu bila kukwangua chochote.

Tatizo ni hili, chokaa haishiki juu ya rangi ya plastiki, na nyumba yenu ina tabaka tatu zenu na pengine na nyingine kabla. Pale chini zitatoka zenyewe. Pale juu ambapo zimeshika sana kwangueni kwa skrepa na maji ya moto na uvumilivu, msilete mashine ya maji ya presha na msipulize mchanga, zote zinachana uso wa plasta na tofali. Ikishindikana kabisa upande wa juu, sitakudanganya, tumia emulshoni ya mati, ile isiyong'aa, hasa ile isiyoandikwa inazuia maji. Sio bora lakini juu kule hakuna unyevu mwingi. Chini, mita moja ile, hapo sikubali kitu kingine isipokuwa chokaa. Na kwa sababu udongo wetu ni mwekundu na utaruka tu hata ufanye nini, paka sehemu ya chini chokaa yenye rangi nyekundu ya udongo, kwa ile ile oksaidi ya sakafu, ule unga wa rangi, haizidi sehemu moja kwa kumi ya uzito wa chokaa. Changanya yote ya kazi nzima kwa mara moja maana hutaweza kuipata sawa mara ya pili, na jua kwamba ikikauka itakuwa hafifu sana kuliko ulivyoiona kwenye ndoo.

Rangi gani ya juu? Usiniulize mimi, iulize nyumba. Tafuta mahali ambapo jua na mafundi hawajafika, nyuma ya swichi ya zamani, nyuma ya kibao cha duka, chini ya bawaba ya dirisha. Kwangua taratibu kwa wembe alafu kwa msasa wenye maji mpaka upate duara kama shabaha, kila tabaka na rangi yake, na ya ndani kabisa ndiyo ya kwanza. Kwa nilizofungua mimi Jinja mara nyingi nimekuta krimu, nyeupe, au njano hafifu kama ndizi iliyoiva, na mapambo yamepakwa rangi tofauti kidogo. Mimi nikiona ile duara nafurahi kila mara, ni kama mwenye nyumba wa kwanza amefungua mlango akasalimia.

Lakini subiri, kabla hujagusa mlango na madirisha na msasa. Rangi za mafuta za zamani zilikuwa na madini ya risasi, na risasi ni sumu, kwa mtoto inaharibu ubongo na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kilicho salama. Kwa hiyo kwenye mbao usipige msasa mkavu, usichome kwa moto wa gesi. Lowesha ndiyo ukwangue, tandika kavera chini, okota kila kipande, watoto na mama mjamzito wahame kabisa siku hizo, na fundi asiende nyumbani na ovaroli ile ile akabebe mtoto wake. Hii naisema kwa uzito wote. Nawaona vijana wetu wanapiga msasa bila hata kitambaa mdomoni na watoto wanacheza chini yao.

Chini ya hizo rangi nina matumaini utakuta mbao za mvule. Busoga, eneo hili la Jinja, ilikuwa na mvule kweli kweli, na mlango wa mvule wa zama zile mchwa wanaupita. Siku hizi miti mikubwa imebaki michache na ubao wake unauzwa bei ya kutisha, na kaka zako wanataka kuutoa uwe kuni. Vumbi lake pia linawasha kifua na ngozi, vaa maski. Kama ni mzuri usiupake tena rangi, upe mafuta ya linsidi, nyembamba, sugua kwa kitambaa, rudia. Matambara ya linsidi yatandaze yakauke nje au yaloweke kwenye maji, ukiyakunja kwenye kona yanaweza kujiwasha moto yenyewe. Mahali palipooza fundi seremala atakata kile kilichokufa tu na kuunga kipande kipya cha mvule, dirisha zima halihitaji kutupwa kwa sababu ya kona moja.

Na hii ya alminiamu waulize swali moja: dirisha la kuteleza linafunguka kiasi gani? Nusu. Daima nusu moja imefunikwa na nyingine. Dirisha lenu la mbao linafunguka lote, na kama lina zile shata za vibao vya mshazari unaweza kulifunga mvua ikinyesha na hewa bado inapita. Kwa Jinja wewe unachagua lipi? Kama shida yao ni wezi, weka grili kwa ndani, nyepesi, isionekane mtaani.

Paa sitakaa sana. Mabati ya zamani ni mazito kuliko ya leo, yakiwa na kutu ya juu tu piga waya brashi, weka praima ya kuzuia kutu ndiyo rangi. Kama ni vigae vya udongo vya Mangalore, msivipake rangi, osheni kwa brashi na badilisheni vilivyovunjika. Kiwanda cha Kajjansi kinachoma vigae tangu 1950, ila nenda na kigae chako mkononi upime, umbo linaweza lisikubaliane.

Sehemu ambayo imenigusa kwenye barua yako ni yale maandishi ya juu. Msiyafute. Najua mzee alinunua kihalali na ni nyumba yenu, na najua kwa wengine lile jina linaleta maneno, mambo ya 1972, Amin alipowafukuza Wahindi, hayajaisha kwenye mioyo ya watu, waliofukuzwa na waliobaki. Lakini yale maandishi yanasema ni nani alijenga na lini, na bila hayo nyumba inakuwa haina cheti cha kuzaliwa. Rangi tabaka kwa tabaka zimejaza herufi mpaka zimekuwa kama sabuni iliyotumika. Zisafishe kwa kijiti cha mwanzi kilichochongwa na maji ya vuguvugu, sio patasi ya chuma, herufi moja unaweza kuipa asubuhi nzima. Kama mnataka jina la familia yenu nalo liwepo, wekeni kibao kizuri cha mvule juu ya mlango wa duka na mwaka ambao mzee alinunua.

Na kama kampuni ya simu itakuja kuomba kupaka mbele yote rangi yao kwa ahadi ya rangi ya bure, kataeni. Nimeona mtaa mzima unapakwa njano au nyekundu mpaka kwenye mapambo, ni rangi ya kung'aa ile ile inayoziba ukuta, na wakiondoka gharama ya kuitoa ni yako.

Kabla ya kazi ya nje pita ofisi ya mipango ya jiji uulize kibali, na uulize kama nyumba iko kwenye orodha yoyote, kuna Sheria mpya ya Makumbusho na Kumbukumbu za Kale ya 2023 iliyochukua nafasi ya ile ya 1967. Cross-Cultural Foundation of Uganda, shirika la urithi wa utamaduni, pia walitengeneza ramani za majengo ya kihistoria ya Kampala, Entebbe na Jinja, nenda ukaangalie kama yenu imo. Kaka zako wakiiona kwenye ramani wataanza kuiangalia kwa macho mengine, nimeona hiyo ikitokea.

Kwa mpangilio, mimi ningefanya gata na kokoto mara moja hata kesho, na matundu ya hewa wiki hiyo hiyo. Mbao zifuate wakati ukuta unakauka. Plasta na chokaa subirini kiangazi, Juni na Julai au Januari na Februari, mvua za Machi na za Oktoba zisiwakute na tabaka mbichi. Anza na ukuta mmoja tu, wa uani, ule ambao mgeni haoni. Upake, uuache upite msimu mmoja wa mvua, alafu waite kaka zako waweke mkono pale chini waone kama umelowa.